Mafuta ya Kanola na Afya: Majibu kwa Maswali Yaliyoletwa Ofisi ya Miradi

Katika robo hii ya mwaka ofisi ya miradi imepokea swali moja kutoka pande mbili. Usharika rafiki wa nje ya nchi umeandika kuuliza kama ungefaa kuchangia fedha za kununua mafuta ya kanola kwa ajili ya vituo vyetu vya kulelea watoto, na kwa wazee wanaohudhuria kliniki ya shinikizo la damu, kwa kuwa huko kwao mafuta hayo husifiwa kuwa ni mazuri kwa moyo. Wakati huohuo kamati ya usharika wetu mmoja imeuliza kama ni kweli kwamba kanola ni mafuta ya mashine, kwamba yanaharibu moyo na ubongo, na wafanye nini na madumu mawili ambayo kituo chao kilipewa na mgeni. Madumu hayo yamekaa stoo miezi kadhaa. Hakuna aliyethubutu kuyafungua, kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa kwenye simu za wazazi.

Swali hili linagusa fedha za wafadhili na chakula cha watoto kwa pamoja, kwa hiyo tumeona tulijibu kwa kirefu mahali ambapo kamati zote na washirika wetu wote watasoma jibu lilelile.

Kanola ni mmea gani

Kanola ni jamaa wa kabichi, sukuma wiki na haradali. Maua yake ni ya njano na mbegu zake ni ndogo, za mviringo, nyeusi au za kahawia. Wale waliowahi kushika punje ya haradali mkononi wanaweza kuikisia. Hapa Afrika Mashariki zao hili si geni kabisa: huko Timau, karibu na Mlima Kenya, wakulima wa ngano na shayiri hulipanda kwa kupokezana na nafaka ili kupumzisha ardhi.

Mama wa kanola ni mmea wa zamani uitwao rapa, uliokamuliwa mafuta kwa karne nyingi Ulaya na Asia, kwanza kwa taa, kisha kwa chakula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nchi ya Kanada iliongeza sana kilimo cha rapa kwa sababu mafuta yake hung'ang'ania chuma chenye joto na unyevu, na hivyo yalifaa kulainisha injini za mvuke za meli. Vita ilipokwisha na meli zikahamia dizeli, wakulima wa Kanada walibaki na zao lisilo na soko. Ndipo watafiti walipoanza kutafuta namna ya kulifanya liwe chakula kizuri.

Vizuizi vilikuwa viwili. Mafuta ya rapa ya zamani yalikuwa na asidi ya erusiki kwa wingi mno, mara nyingi asilimia 40 au zaidi, na mashudu yake yalikuwa na viini vikali, vya jamii ileile inayoipa haradali ukali wake, ambavyo mifugo haikuvipenda na vilisumbua tezi la shingo. Watafiti wawili ndio wanaotajwa zaidi katika kazi hii: Keith Downey mjini Saskatoon na Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba. Njia waliyotumia inapendeza kuisikia. Punje moja ndogo iligawanywa mara mbili. Nusu ilipimwa maabara kuona ina asidi kiasi gani, na nusu iliyobaki na kiini ikapandwa endapo kipimo kilikuwa kizuri. Kazi hiyo ilirudiwa kwa punje nyingi sana, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1968 ilitoka aina ya kwanza yenye asidi kidogo ya erusiki, na mwaka 1974 ikatoka aina iitwayo Tower ambayo ilikuwa imepunguziwa vyote viwili. Mwaka 1978 jina kanola lilisajiliwa, likitokana na jina la nchi ya Kanada na neno la mafuta. Leo mafuta hayaruhusiwi kuitwa kanola kama asidi ya erusiki inazidi asilimia 2, na kwa kawaida huwa chini sana ya hapo.

Huo ulikuwa uzalishaji wa mbegu wa kawaida, kama mkulima anavyochagua hindi bora la kupanda msimu ujao. Mbegu zilizobadilishwa vinasaba zilikuja baadaye, mwaka 1995, na sasa ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya mashamba ya Kanada. Wanakamati wengi hupenda kuuliza juu ya hilo. Kwa upande wa afya, mafuta yaliyosafishwa hayabaki na protini wala vinasaba kwa kiwango cha maana. Swali zito zaidi ni la haki ya mkulima juu ya mbegu, nalo lilifika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada katika kesi ya mkulima Percy Schmeiser na kampuni ya Monsanto iliyoamuliwa mwaka 2004. Hilo ni jambo la kujadili, lakini halipimwi kwa kuangalia kilichomo kwenye chupa.

Hofu zilizosambaa zilianzia wapi

Ni vizuri kamati zijue kwamba hofu hizi hazikutungwa hewani. Kila moja ina chanzo chake, na mtu akikijua chanzo anaweza kuwajibu waumini bila kuwadharau.

Ya kwanza ni hii ya mafuta ya mashine. Ni kweli kwamba mafuta ya rapa yalilainisha injini. Lakini mawese nayo katika karne ya 19 yalisafirishwa kutoka Afrika Magharibi kwenda Uingereza kwa ajili ya sabuni na kulainishia mitambo, na mafuta ya nazi yamewasha taa. Alizeti yetu wenyewe inaweza kuendesha injini ya dizeli ikitengenezwa inavyotakiwa. Kitu kufaa kwa mashine hakukifanyi kiwe sumu kwa mtu.

Ya pili ni ya moyo, na hii ina uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 panya wa maabara waliolishwa mafuta ya rapa ya zamani kwa wingi walionekana kuwa na mafuta ndani ya msuli wa moyo na makovu baadaye. Kwa binadamu madhara hayo hayajathibitishwa, hata katika maeneo ya India ambako mafuta ya haradali yenye asidi hiyo kwa wingi yametumika vizazi na vizazi, lakini tahadhari ilichukuliwa na ndiyo sababu kanola ikazaliwa. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kiwango cha kutozidishwa cha miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mama wa kilo 60 anaweza basi kupokea miligramu 420. Hata kama kanola yake ingekuwa na asilimia 2 kamili, ambayo ni nadra, angefikia kiwango hicho kwa gramu 21 za mafuta, yaani kijiko kimoja na nusu cha chakula. Kwa kanola ya kawaida angehitaji kula nyingi kuliko tumbo linavyoweza kustahimili. Mamlaka hiyo haikuficha kwamba watoto wadogo wanaokula vyakula vingi vyenye asidi hiyo wanahitaji kuangaliwa zaidi, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipunguza kiwango kinachoruhusiwa katika mafuta hadi asilimia 2. Kwa hiyo kwa watoto ni muhimu dumu liwe na lebo ya kanola yenyewe, lisiwe dumu la "mafuta ya mbegu" lisilojulikana limetoka wapi.

Ya tatu ilitokea Hispania mwaka 1981. Mafuta ya rapa yaliyoagizwa kwa matumizi ya viwanda, ambayo kwa makusudi yalikuwa yametiwa kemikali ya anilini ili yasiliwe, yalisafishwa kwa udanganyifu na kuuzwa mitaani kama mafuta ya kupikia kwenye vyombo visivyo na lebo. Zaidi ya watu 20,000 waliugua na mamia walifariki. Waliouawa na mafuta yale waliuawa na wafanyabiashara, si na mmea. Sisi tunaopimiwa mafuta kwa kibaba kutoka kwenye pipa lisilo na jina tuna sababu ya kuikumbuka habari hii kuliko watu wengi.

Ya nne ni ya ubongo. Mwaka 2017 watafiti wa Temple University, Marekani, walitangaza kwamba panya wa aina inayozalishwa ili wapate ugonjwa wa kusahau, walipoongezewa kanola kwenye chakula kwa miezi 6, walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu. Habari ilienea haraka. Wengi walioisambaza hawakusema kwamba kundi la kulinganishwa halikupewa mafuta mengine badala yake; lilikula chakula cha kawaida tu, na waliopewa kanola waliongezeka uzito. Jaribio la namna hiyo haliwezi kutueleza kama alizeti au mawese yangefanya tofauti.

Tunaulizwa pia kuhusu heksani, kimiminika cha jamii ya petroli kinachotumika viwandani kutoa mafuta ambayo kinu hakikuweza kuyakamua. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 hivi, kwa hiyo huondolewa kwa mvuke, na kinachobaki ni chembe ndogo sana. Mafuta mengi ya viwandani hutolewa hivyo, yakiwemo ya soya na alizeti ya kiwandani. Asiyependa njia hii anunue yaliyokamuliwa kwa kinu tu.

Sifa zake ni zipi hasa

Mafuta yote ni mchanganyiko. Kuna sehemu inayopenda kuganda, kama ile ya samli na mafuta ya nyama, ambayo ikizidi hupandisha lehemu mbaya katika damu. Kuna sehemu laini ya kati, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni. Na kuna sehemu laini sana, ambamo zimo omega 6 na omega 3, ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe.

Kanola ina sehemu ya kuganda kama asilimia 7 tu, ambayo ni chini kuliko karibu mafuta yote ya kupikia. Alizeti ya kawaida ina kama 11, zeituni kama 14, mawese karibu 50, na nazi zaidi ya 80. Sehemu ya kati katika kanola ni zaidi ya asilimia 60. Omega 3 iliyomo ni kama asilimia 9, wakati alizeti haina kitu cha kutajwa. Hii ndiyo asili ya sifa zake. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu lebo iseme, kwa maneno ya tahadhari, kwamba kijiko kimoja na nusu cha kanola kwa siku huenda kikapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Washirika wetu wengi wameiona lebo hiyo. Sharti lililofuata, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo, ni kwamba kanola ichukue nafasi ya mafuta ya kuganda na isiongeze jumla ya chakula cha siku.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Lyon, Ufaransa, kwa watu wapatao 600 waliokuwa wameshapata shambulio la kwanza la moyo. Waliobadilisha chakula walipata mashambulizi mapya machache sana kuliko wenzao. Walitumia siagi ya mkate iliyotengenezwa kwa mafuta ya rapa ya kisasa, ni kweli, lakini pia waliongeza mboga, matunda, maharage na samaki, na wakapunguza nyama. Ukimpa mtu chupa ya kanola peke yake usitegemee matokeo ya Lyon.

Na hapa ndipo swali la usharika rafiki linapopata jibu lake la kwanza. Mzee wa kijijini kwetu anayekula ugali, mlenda na maharage, na nyama siku ya sikukuu, hana mafuta mengi ya kuganda ya kuondoa. Shinikizo lake la damu linahusika zaidi na chumvi, unene, pombe, umri na kuacha dawa. Kumbadilishia mafuta ni kutibu kidonda kisichokuwepo. Mfanyakazi wa mjini anayekula chipsi kila jioni na nyama choma kila wikiendi ana mengi ya kuondoa, lakini yeye si aliyeombewa msaada.

Kwenye karai

Sehemu kubwa ya madhara ya mafuta hutokea jikoni, baada ya chupa kufunguliwa. Tunaomba kamati zisome sehemu hii kwa makini, hasa zile zenye vikundi vya akina mama wanaouza maandazi, vitumbua, mihogo na chipsi.

Mafuta yakipata moto mkali, hewa na maji ya chakula, huanza kuvunjika. Yanazaa viini vikali vyenye harufu ya kuchoma koo, na baadaye vipande vyake hushikana kuwa kitu kizito kama gundi. Ndiyo ile nta ya kahawia inayong'ang'ania ukingo wa karai. Sehemu laini sana ya mafuta ndiyo huvunjika haraka zaidi. Katika alizeti ya kawaida sehemu hiyo ni kama asilimia 65, katika kanola kama 28, na katika mawese kama 10. Kwa hiyo mama lishe anayechagua mawese yaliyosafishwa kwa kukaangia hafanyi ujinga. Ameona kwa macho yake kwamba yanastahimili moto, hayatoi povu upesi, na bei ni nafuu. Wataalamu wanaomwambia aache mawese atumie alizeti kwa ajili ya moyo wake, bila kumwambia kwamba alizeti hairudiwi mara nyingi kwenye moto, wanamwelekeza nusu ya njia. Kanola iko katikati: kwa mchuzi na kukaanga mara moja au mbili ni nzuri sana, lakini haiwezi kukaa kwenye karai wiki nzima bila kuharibika.

Tatizo ni kwamba mafuta ya karai humwagwa mara chache. Desturi ni kuongezea mapya juu ya yale ya jana. Mapya huchafuliwa na ya zamani mara moja, na karai halipati siku ya kuanza upya. Ujerumani huyahesabu mafuta kuwa hayafai tena kwa chakula pale sehemu iliyoharibika inapofikia kama asilimia 24, na nchi nyingine kadhaa za Ulaya zina kikomo cha karibu na hapo. Sisi hatuna vipimo hivyo mitaani, lakini macho na pua vinasaidia. Mafuta yanayotoa moshi mapema kuliko yalivyokuwa yakitoa, yenye povu lisilotulia chakula kikitolewa, yaliyokuwa mazito na yenye kunata, au yenye harufu kali, yamekwisha kazi yake. Weusi peke yake si kipimo, kwa sababu samaki na unga hutia rangi haraka.

Yapo mambo madogo yanayorefusha maisha ya mafuta bila kumwongezea mama gharama. Moto usizidi kiasi. Nyuzi 170 hadi 180 zinatosha, na asiye na kipimo aangushe kipande cha unga: kikipanda juu na kutoa mapovu madogo ni sawa, kikiungua nje kabla ya kuiva ndani moto umezidi. Makombo yachujwe kila siku kwa kitambaa safi, kwa maana hayo ndiyo yanayoungua. Chumvi itiwe baada ya chakula kutolewa. Karai liepuliwe mteja anaposubiriwa, lisiachwe likichemka tupu. Mafuta yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, wala yasilale kwenye karai la chuma, kwa kuwa chuma na shaba huyaharakisha kuharibika.

Halafu kuna moshi wenyewe. Huko Shanghai, China, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulihusisha saratani ya mapafu kwa wanawake, ambao wengi wao hawakuvuta sigara, na moshi wa mafuta ya kukaangia kwenye moto mkali, hasa ya rapa. Yalikuwa mafuta ya kienyeji, si kanola ya leo, na jikoni hazikuwa na pa kutolea moshi. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha tathmini yake likiuweka moshi wa kukaanga kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hii inahusu mafuta yoyote yanayopandishwa moto hadi kutoa moshi. Kwetu moshi huo unaongezeka juu ya ule wa kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Tukiwa na shilingi ya kuchagua kati ya aina ya mafuta na dirisha au bomba la moshi la jiko, kwa maoni ya ofisi hii shilingi iende kwenye bomba.

Mama atamwaga mafuta mapema kama kumwaga hakumpi hasara. Mafuta yaliyokwisha karai yanafaa kutengeneza sabuni ya kufulia kwa kostiki soda, yakichujwa vizuri. Kikundi kikikusanya mafuta ya wanachama na kuyageuza sabuni, kila mmoja anarudishiwa kitu. Kostiki huunguza ngozi na macho, kwa hiyo ifanywe na waliofundishwa, na watoto wakae mbali. Pia yasiuzwe kwa mtu mwingine wa kukaangia. Hilo hutokea, na mnunuzi wa mwisho huwa ni mwanafunzi mwenye shilingi mia mbili ya muhogo.

Kiasi gani

Mafuta yote, yawe ya kanola au ya ng'ombe, yana nguvu sawa: kalori 9 kwa gramu, kama 120 kwa kijiko cha chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote ya siku yasizidi asilimia 30 ya kalori za mtu mzima. Kwa anayehitaji kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 67, ikiwa ni pamoja na yaliyomo kwenye nyama, karanga na maziwa. Nyumba ya watu 6 inayotumia lita 1 kwa wiki inampa kila mmoja kama gramu 22 kwa siku. Haina sababu ya kuogopa. Nyumba hiyohiyo ikimaliza lita 3, kila mmoja anapata kama gramu 66 kutoka kwenye chupa peke yake, na hapo jina la mafuta halimwokoi mtu.

Kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo habari ni tofauti kabisa. Uji wa mahindi mtupu hujaza tumbo bila kutosha nguvu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bakuli huongeza kama kalori 40 bila kuongeza ujazo. Wahudumu wetu wasije wakasikia mafundisho ya wazee wenye unene na kuwanyima watoto mafuta.

Kanola, alizeti na mkoba wa usharika

Kwa miaka mingi Tanzania imeagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia, huku mikoa ya Singida na Dodoma ikilima alizeti kwa wingi. Kanola katika maduka ya mijini hupatikana kwa bei ambayo mwanakijiji haiwezi. Faida yake juu ya alizeti ni ndogo: sehemu ya kuganda iliyo chini kidogo, na omega 3. Omega 3 hiyo ya mimea mwili huibadilisha kwa shida kuwa aina inayotumika zaidi moyoni na kwenye ubongo wa mtoto, ile inayopatikana kwa samaki. Dagaa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na wanaleta protini na madini ya chokaa juu yake.

Alizeti ya kinu cha kijijini nayo ina mapungufu yake ambayo wenye vinu hawapendi kuyasikia. Isipochujwa na kutulizwa hubaki na maji na utelezi unaoifanya itoe povu na kuvunda mapema. Na haiongezewi vitamini A. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka mafuta ya viwandani yaongezewe vitamini hiyo, lakini kinu kidogo mara nyingi hakina uwezo huo. Halafu huuzwa kando ya barabara kwenye chupa zinazopenya mwanga, juani mchana kutwa, na mwanga huyaharibu mafuta na vitamini zake. Mchicha, maboga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mawese mekundu ya Kigoma vinaweza kuziba pengo la vitamini A, mradi mlo wenyewe uwe na mafuta kidogo ya kuifyonza.

Kwa hiyo majibu ya ofisi ni haya. Kituo chenye madumu mawili kiyafungue, baada ya kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la kanola kwenye lebo na lakiri. Yakinuka kama rangi ya kupakia ukuta, yamevunda, yapelekwe kwenye sabuni. Yakiwa mazima, watoto wapikiwe, na wazazi waelezwe siku hiyohiyo ni mafuta gani. Kwa usharika rafiki tumeandika kwa shukrani kuomba kwamba fedha hizo zisinunue kanola. Tumependekeza zigawanywe: sehemu inunue alizeti kutoka kwa wakulima wa sharika zetu wenyewe pamoja na dagaa kwa ajili ya vituo, sehemu inunue vichujio na matangi ya kutulizia mafuta kwa vinu vyetu, na sehemu ijenge majiko yenye bomba la moshi. Mashine za kupimia shinikizo la damu nazo zimetajwa katika barua hiyo, kwa kuwa baadhi ya zahanati zetu zinatumia moja kwa zamu.

Vikundi vinavyotaka mafunzo ya siku moja ya kuchuja mafuta na kutengeneza sabuni vipeleke maombi kwa katibu wa kamati ya miradi ya usharika, yakiwa na idadi ya wanachama na kiasi cha mafuta wanachotumia kwa wiki. Kipimwe kwa lita. Kwa madumu hatutaweza kulinganisha, maana madumu ya kila soko ni tofauti.